Askari Wawili, Zamu Moja

Tulipomzika Bwana Ndirangu kule Kalimoni mwaka jana, mwendesha ratiba alinipa kipaza sauti niseme neno kwa niaba ya wale waliofanya kazi na marehemu. Nilisema yale yanayosemwa: kwamba alikuwa mtu wa kushika saa, mkali lakini mwenye haki, na kwamba alitufundisha kompyuta wakati watu wengi wa Thika walikuwa hawajaiona hata kwa macho. Watu wakapiga makofi, nami nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki chini ya hema. Kando yangu alikuwa ameketi Mama Zuhura, mtandio mweusi kichwani. Siku hizi magoti yanamsumbua, na asubuhi ile alikuwa ametoka Ruiru akishikwa mkono na mjukuu wake. Aliniinamia akaninong'oneza, "Wambui, mbona hukusema ya Askari?" Nikamwambia ningeyaanzia wapi, na padre ananitazama vile. Akacheka kidogo, akafuta macho. "Basi yaandike, mwanangu. Tunaoyajua tumebaki wachache." Ndiyo sababu ya sura hii. Sitasimulia nilikozaliwa wala shule nilizosoma, maana hayo hayana la ajabu. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule ulioishia kwenye mvua za El Niño, kwa kuwa huo ndio mwaka nilioanza kujiamini, na hadi leo sijaacha.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya maziwa iliyokuwa na kiwanda kikubwa Thika na depo ya kupakia Ruiru. Chumba cha kompyuta cha Thika kilikuwa nyuma ya jengo la ofisi, kimetandikwa zulia la kijivu, na ilikuwa ni lazima uvue viatu mlangoni kama unayeingia sebuleni kwa watu. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine ya kupoza hewa, harufu ya vumbi lililopashwa moto, na meza tatu. Meza ya dirishani ilikuwa ya Bwana Ndirangu, mkuu wa idara. Alikuwa mrefu, mashati yake yalipigwa pasi hadi mikunjo ikawa kama kisu, na alikuwa na tabia ya kula githeri ya kantini, yale mahindi na maharagwe, akiwa amesimama, sahani mkononi, macho kwenye skrini. Akisoma kitu kinachompendeza alikuwa akisema "Eeeh!" taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Mimi nilikuwa msichana peke yangu mle ndani, na wiki ya kwanza wageni walikuwa wakinituma chai. Bwana Ndirangu ndiye aliyekomesha jambo hilo. Alimwambia mgeni mmoja kutoka Nairobi, bila kugeuka, "Huyu ni injinia wangu. Chai iko kantini, ukitoka upande wa kushoto." Siku ile niliamua kwamba nitamfanyia kazi mtu huyu mpaka anifukuze.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa programu aliyoiandika mwenyewe, nasi tukaipa jina la Askari. Ruiru walikuwa na kompyuta yao iliyochapa lebo za kreti za maziwa: kreti hii inakwenda njia gani, duka gani, maziwa haya mwisho wake ni lini. Mipangilio yote hiyo iliamuliwa Thika. Zamani mtu alipanda lori na diski mkononi kuipeleka, na akichelewa, au kidole cha mtu kikikosea kule, lebo zinatoka za uongo. Bwana Ndirangu akaandika Askari. Kila nusu saa programu hiyo iliamka yenyewe kwenye mashine ya Ruiru, ikapiga simu Thika kupitia laini tuliyokodi, ikasoma mipangilio inavyotakiwa kuwa, ikalinganisha na iliyopo, na palipokuwa na tofauti ikaparekebisha. Kisha ikalala. Hata mtu akivuruga kitu, raundi inayofuata kilirudi mahali pake. Mambo haya siku hizi kijana anayasoma chuoni na yana majina makubwa. Wakati ule, pale Thika, yalikuwa ni ya mtu mmoja aliyekaa akafikiri, na mpaka leo nasema alifikiri vizuri.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa Ruiru. Nilikuwa napanda lori la kampuni asubuhi, nikae mbele na dereva, na nikifika nilikuta depo imeshachangamka, sakafu imemwagiwa maji, makopo ya alumini yanagongana, wakulima wa Theta na Kalimoni wanabishana kuhusu ng'ombe na siasa huku wakingoja maziwa yao yapimwe. Chumba cha lebo kilikuwa pembeni, kidogo, kimetenganishwa na ofisi ya meneja kwa ukuta wa mbao nyembamba. Aliyekitawala alikuwa Salama, mama wa makamo, mzaliwa wa pale pale Ruiru, ambaye babu zake walitoka sehemu mbalimbali hata mwenyewe akawa anasema, "Mimi ukiniuliza kabila utanichosha." Kila mtu alimwita Mama Zuhura. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote, nasi tuliokuwa tukichanganya Kikuyu na Kiingereza tulijikuta tunajirekebisha mbele yake. Saa sita alikuwa akifungua mkebe wake wa chakula, na siku zote kulikuwa na cha mtu wa pili: chapati na maharagwe ya nazi, au wali na mchuzi wa nyama, na Ijumaa pilau ambayo harufu yake ilimleta meneja mpaka mlangoni. Nilikuwa nakaa chumba kimoja Makongeni, na jioni nilikula mkate na chai. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba safari za Ruiru nilizipenda kwa sababu ya ule mkebe kabla sijazipenda kwa sababu nyingine.

Katikati ya mwaka lebo zikaanza kuharibika. Zilitoka na jina la duka bila njia, au njia bila tarehe, au mstari wa alama zisizosomeka. Ilitokea mchana, si kila siku, na kwa kawaida baada ya chakula. Kreti zisizo na lebo haziwezi kuondoka, basi malori yalikuwa yanangoja uani na jua linapiga, na maziwa hayana subira. Bwana Ndirangu akipigiwa simu Thika, alikuwa anaingia kwenye mashine ya Ruiru kutoka mezani kwake na kukuta kila kitu kiko sawa. "Askari yuko macho," alikuwa akisema. "Ni mtu anayechezea." Na kule Ruiru meneja, Bwana Muchiri, alikuwa ameshaamua ni mtu gani.

Niliyasikia kwa masikio yangu. Mama Zuhura alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, kwenye kijichumba cha stoo alichoruhusiwa kutandika mkeka wake, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake nikisubiri. Upande wa pili wa mbao Bwana Muchiri alikuwa kwenye simu, na sauti yake haikuwahi kujua kunong'ona. "Aterere, sikiliza, mimi nakwambia ni huyu mama," alisema. "Akitoka kuswali tu, lebo zimeharibika. Mara tatu nimemfumania mkono uko kwa swichi, anazima mashine, anawasha. Kwani hiyo si kuchezea? Tafuteni mtu mwingine, mwisho wa mwezi huyu aende." Akanyamaza kidogo, akisikiliza. "Hapana, sijamwambia. Ataona barua."

Nilikaa pale nikiangalia mkebe wa chakula uliofunikwa kitambaa cha maua. Leo, nikiwa na nywele nyeupe na watu walio chini yangu, najua kwamba ningeweza kugonga mlango wa meneja na kupiga kelele. Lakini hata wakati ule kuna kitu ndani yangu kilisema kelele hazitamsaidia. Alikuwa na ushahidi wa macho yake: mkono wa mama kwenye swichi. Kilichotakiwa ni kujua kwa nini mkono ule ulifika pale. Basi aliporudi, akikunja mikono ya gauni lake iliyokuwa bado na maji ya udhu, nilimuuliza moja kwa moja.

"Mama Zuhura, hii mashine unaizimanga kwa nini?"

Hakukasirika. "Kwa sababu inakwama. Narudi, naikuta imeganda, nikiandika herufi inakaa, inakaa, ndiyo itokee. Lebo zinatoka takataka. Yule kijana aliyetufungia mashine alisema ikikwama, zima, uwashe. Nikifanya hivyo inatulia. Nimekosea?"

"Hujakosea. Lakini leo ikikwama usiizime. Hata Bwana Muchiri akipiga kelele. Niite."

Siku ile haikukwama, wala ya pili. Ya tatu aliniita. Nilikuwa uani nikizungumza na dereva, nikakimbia. Kibodi ilikuwa nzito kama alivyosema. Niliandika amri ya kuiuliza mashine wakati ule ilikuwa ikifanya kazi gani, nikangoja jibu huku nikiuma ukucha, na lilipotokea nilisoma mara mbili kuwa na hakika. Askari alikuwa anafanya kazi. Na chini yake alikuwa Askari mwingine, anafanya kazi ile ile. Na chini yake wa tatu.

Nilicheka kwa sauti. Mama Zuhura alidhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza hivi: "Ni kama wewe umtume mtoto dukani, achelewe, na kabla hajarudi umtume mwingine, halafu mwingine. Wote wanarudi na unga, na kila mmoja anamwaga wa mwenzake ili aweke wake." Kwa nini Askari alichelewa nililielewa pale pale. Saa ya chakula, depo zote zilikuwa zikituma taarifa za mauzo Thika, na zote zilipita kwenye laini zile zile. Askari akawa anatambaa. Nusu saa ikaisha kabla hajamaliza raundi, na saa ya mashine, isiyojua lolote, ikamwamsha wa pili. Wawili wakigawana laini nyembamba ni polepole zaidi, kwa hiyo wa tatu alikuwa lazima aje. Na kila mmoja alikuwa akifuta faili ya mipangilio ili aiandike upya, akimkuta mwenzake yuko katikati. Mama Zuhura akizima mashine, wote wanakufa. Mashine inawaka ikiwa safi, raundi moja inapita vizuri, na Bwana Ndirangu akichungulia kutoka Thika haoni kitu. Alichokuwa akikifanya yule mama ndicho kilichookoa maziwa kila mchana, na ndicho kilichokuwa kinamfukuzisha kazi.

Nilirudi Thika nikiwa na hakika kama nina mkate mkononi. Bwana Ndirangu alinisikiliza akiwa amesimama na sahani yake. Nilipomaliza aliiweka sahani mezani, akasema, "Hapana."

"Niliwaona, sir. Watatu."

"Uliona laini mbaya. Laini mbaya ni ya watu wa simu, si yangu. Askari hana makosa, Wambui. Nimemwandika mstari kwa mstari."

"Sijasema ana makosa akiwa peke yake. Nasema akiwa wawili."

Alinitazama kwa muda. Sikuangalia chini. Mwishoni akasema, kama mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze, "Basi tumwamshe kila saa moja badala ya nusu saa. Atakuwa na nafasi ya kutosha. Uridhike." Nilijua haitoshi. Ni kupanua uzio wakati lango liko wazi. Lakini nilikubali, na barua ya Mama Zuhura ikacheleweshwa, kwa kuwa lebo zilitulia. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Bwana Muchiri alianza tena kufuata harufu ya pilau hadi mlangoni, na hata akakubali sahani.

Kisha mvua ikaja. Mliokuwepo mnaikumbuka. Mto Thika ulibadilika rangi ukawa kama uji wa wimbi, barabara za Gitothua kule Ruiru zikawa matope hadi magotini, na nyaya za simu zikajaa maji. Laini yetu, iliyokuwa nyembamba siku za jua, ikawa kama uzi. Sasa hata saa nzima haikumtosha Askari, na siku moja ya mwisho wa mwezi, taarifa za mauzo zikiwa nyingi kuliko kawaida, lebo ziliharibika zote, malori yakakaa, na shehena nzima iliyokuwa iende Nairobi ikarudishwa imeganda. Mimi nilikuwa Thika. Mama Zuhura alikumbuka nilivyomwambia asizime, akajaribu kunipigia, simu haikushika, na Bwana Muchiri alipokuwa akipiga kelele mgongoni mwake, akazima. Alikutwa mkono uko kwenye swichi mbele ya watu wa mauzo waliotoka Thika. Jioni ile aliambiwa aende nyumbani angoje uamuzi. Aliondoka na mkebe wake chini ya mwavuli, na dereva aliyenisimulia alisema aliwaaga wapakiaji mmoja mmoja kwa majina yao.

Asubuhi niliingia chumba cha kompyuta na viatu miguuni. Bwana Ndirangu aliviangalia viatu, akaniangalia mimi.

"Wamemfukuza mtu kwa kosa la programu," nilisema.

"Wambui."

"Nakuomba kitu kimoja tu. Usiniamini mimi. Njoo Ruiru ukae kwenye hicho kiti saa ya chakula, uone kwa macho yako. Bwana Muchiri awe pale. Mama Zuhura aitwe, akae nje tumwone, mikono yake iko wazi. Mashine ikifanya vizuri, mimi ndiye niandikiwe barua."

Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Naona alifikiria kukataa. Uso wake ulikuwa na uchovu wa mtu anayeombwa amkague mwanawe mwenyewe. Lakini alikuwa, kama nilivyosema makaburini, mtu mwenye haki. Akachukua koti la mvua msumarini.

Tulipofika, Mama Zuhura alikuwa ameshakuja. Walimwekea kreti iliyopinduliwa kwenye baraza, mbele ya dirisha la chumba cha lebo, na mpakiaji mmoja akampa chai ya tangawizi. Alikaa wima, kikombe mapajani, akitazama mvua. Sisi watatu tulikuwa ndani. Bwana Muchiri alisisitiza yeye ndiye akae kwenye kibodi, "ndiyo msiseme kuna mtu amegusa," na nikamwambia hilo ndilo nililolitaka. Nilimwonyesha amri ya kuuliza mashine inafanya nini. Raundi ya kwanza ya Askari ilianza, tukamwona kwenye skrini yuko peke yake, na baada ya muda mfupi akamaliza akaondoka. Bwana Muchiri akachapa lebo. Ilitoka safi, njia, duka, tarehe. Akaiinua juu.

"Si hii hapa? Mbona leo mashine ina afya? Kwa sababu mwenyewe yuko huko nje!"

Mimi nikageuka kutazama dirishani, kwa kuwa mvua ilikuwa imepungua na laini ilikuwa inavuta vizuri kuliko nilivyotaka. Hebu fikirieni mtu anayeomba mvua iongezeke juu ya mji uliozama. Niliiomba. Muda wa chakula ukafika. Kengele ikalia, wapakiaji wakaenda, na taarifa za mauzo zikaanza kutoka. Askari akaamka tena. Safari hii hakumaliza. Tulimtazama. Bwana Muchiri akaagiza chai, ikaja, ikapoa. Bwana Ndirangu alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, na kila Bwana Muchiri alipouliza mashine, jibu lilichukua muda mrefu zaidi kutokea. Saa ikagonga, jibu likatokea, na kwenye skrini walikuwa wawili.

"Chapa lebo," Bwana Ndirangu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini.

Bwana Muchiri akachapa kwa kidole chake mwenyewe. Printa ikafikiri, ikanguruma, ikatoa karatasi yenye jina la duka nusu na mstari wa alama za ovyo. Akachapa nyingine. Ilikuwa tupu. Akageuka kutazama dirishani, nasi tukageuka naye. Mama Zuhura alikuwa pale pale, kikombe mapajani, anaongea na paka wa depo.

Bwana Ndirangu aliichukua ile lebo iliyoharibika akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. "Askari ni wangu," alimwambia Bwana Muchiri. "Ripoti utakayoandika, uandike hivyo. Jina langu, si la mama." Kisha akatoka kwenye baraza. Dirisha lilikuwa wazi, tukasikia kila kitu. Alisimama mbele yake kwenye manyunyu, mrefu vile, na nadhani hakujua aweke wapi mikono.

"Mama Zuhura, nimekukosea. Programu niliyoiandika ndiyo imekuwa ikiharibu. Nilisema ni wewe, na sikuwa nimekuja hata siku moja kuangalia."

Yeye hakuinuka. "Umekuja leo," alisema. "Ingia ndani, unalowa." Halafu akainuka, na alipofika mlangoni na kumwona Bwana Muchiri bado yuko kwenye kiti chake, akaongeza kwa upole, "Na wewe, Bwana Muchiri, nakuomba kiti changu." Akampa.

Bwana Ndirangu nami tulianza safari ya kurudi Thika, tukafika kwenye mashamba ya kahawa. Hapo akasema, "Utamtengenezaje?" Hakusema "nitamtengenezaje." Nikamweleza nilichokuwa nimekibeba kichwani tangu Agosti: Askari akiamka, kabla hajagusa chochote, aweke alama, faili ndogo tu, kwamba kuna mtu zamu. Mwingine akija akaikuta, arudi kulala kimya. Wa kwanza akimaliza, aondoe alama yake. Na kuiweka kwenyewe kuwe tendo moja lisilogawanyika, ili wawili wakifika kwa pamoja asipite ila mmoja. "Eeeh," alisema, taratibu, kwa ile sauti ya kuonja mchuzi. Siku iliyofuata aliniachia kiti chake cha dirishani, nikaandika mle ndani ya programu yake huku yeye amesimama nyuma yangu na githeri, akinisahihisha tahajia.

Mama Zuhura alirudi kazini, na lebo zilitoka safi mchana wote, mvua au jua. Sitadanganya kwamba mambo yaliishia hapo, maana mashine hazina adabu hiyo. Mwezi wa Desemba, mvua ikiwa bado inapiga, umeme ulikatika Ruiru Askari akiwa katikati ya raundi. Mashine ilipowaka, alama yake ilikuwa bado iko mlangoni, na mwenyewe hayupo. Kila Askari aliyeamka baada ya hapo aliiona, akadhani kuna mwenzake kazini, akarudi kulala. Tangu umeme ukatike hakuna raundi iliyopita hata moja. Thika tulikuwa tumebadilisha njia za malori kwa sababu barabara ya Theta ilikuwa imekatwa na maji, lakini Ruiru walikuwa bado wanachapa lebo za njia ya zamani. Dawa yake niliipata mchana ule ule. Alama ibebe namba ya Askari aliyeiweka, na anayeikuta aiulize mashine kama mwenye namba hiyo yu hai, na kama kweli ni Askari wala si programu nyingine iliyopewa namba ile. Kama hayupo, aifute na ashike zamu. Na aliyekawia kupita kiasi, aondolewe kwa nguvu. Tangu hapo Askari yule alifanya kazi mpaka kampuni ilipouzwa, na sijawahi tena kusikia kwamba aliamka wawili au kwamba alilala akiwa anahitajika.

Lakini ninachokikumbuka kutoka siku ile si dawa, ni namna habari ilivyonifikia. Simu ya mezani kwangu ililia asubuhi, laini imejaa mikwaruzo ya mvua. Alikuwa Bwana Muchiri, na malori yalikuwa yanangoja, nilisikia honi nyuma yake. Nilishika kiti, nikisubiri jina la nani litatajwa.

"Wambui, lebo ni za njia ya zamani," alisema. "Nimemuuliza Mama Zuhura. Anasema hakuna kitu kimeguswa hapa, ni umeme ulipotea jana. Kama yeye amesema hakijaguswa, hakijaguswa. Kuja uangalie Askari wako."